Mtu wa Kutia Risasi

Paja la kuku ndilo lililoanzisha maneno. Truphena alikuwa amelibakisha kwa makusudi, unajua vile mtu hujiwekea kipande kitamu cha mwisho. Aligeuka kidogo tu kuchukua chumvi, na aliporudisha macho kwenye sahani palikuwa na mfupa mtupu, umegugunwa ukawa mweupe. Kwenye ukingo wa sahani kulikuwa na alama ya kidole, nyeusi, ya grisi.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa Jackton, na si bure. Jackton alikuwa dereva wa nyumba ile, mtu wa Siaya, na hajawahi kupita sahani ya mtu bila kuonja. Tena katika nyumba nzima ni wao wawili tu waliokuwa hawafungi. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, jua la Riyadh limepandwa na wazimu, na mchana familia yote ilikuwa imelala. Wakristo wakitaka kula walijificha. Jackton alikula ndani ya gari. Truphena alikula uani, nyuma ya mzinga.

Mzinga wenyewe ulikuwa wa Nawaf, mtoto wa pekee wa nyumba, kijana aliyemaliza chuo akakosa la kufanya ila kutengeneza video za kuweka mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watu silaha za vita vya zamani zimetokea wapi na wapi: filamu gani, gemu gani, katuni gani, sanduku gani la vitu vya kuchezea. Aliupenda mmoja kuliko yote, mzinga wa Waingereza wa kupiga vifaru vya vita, mfupi, wa magurudumu mawili, wenye ngao ya chuma ya kuwakinga wapigaji. Baba yake akamnunulia wa kweli, mkuukuu, uliofukuliwa jangwani upande wa Libya, mtutu umezibwa usiweze kupiga tena. Truphena hakuuogopa hata kidogo. Kwake ulikuwa kivuli. Nyuma ya ngao ile mtu angeweza kula wali wake na asionekane kutoka dirisha lolote.

Siku hiyo, kabla ya mambo ya paja, alisikia mtu akikohoa mgongoni kwake. Sasa kwao Maragoli huwezi kuwa unakula, mtu akapita, ukanyamaza. Hata kama hamsalimiani unamkaribisha, na yeye akiwa na adabu atasema ameshiba na kwenda zake. Truphena alijua ni Jackton. Bila kugeuka, mdomo umejaa, akasema, "Karibu tule."

Jioni akamsubiri kwenye mlango wa jikoni.

"Baba Ian," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita kwa heshima ya mtoto wake, "ungeomba tu. Kumwibia mtu paja ni utoto."

"Paja gani?"

"Usinichezee. Umekohoa, nikakukaribisha."

Jackton aliweka chini funguo za gari. "Mama Vale, mimi mchana wote nilikuwa Batha, gari likiwa kwa fundi. Sikurudi hapa mpaka saa kumi."

Hakumwamini. Wewe ungemwamini? Lakini kesho yake alimsikia madam Ibtisam, mama yake Nawaf, akilalamika kwa simu kwamba yule fundi wa Batha alikaa na gari na dereva mchana kutwa. Alienda uani akausugua ule mzinga kwa macho, juu na chini, kutoka mbali. Hakula hapo tena.

Ndipo likaja jambo la pili. Baada ya futari ilikuwa kazi yake kumpelekea Nawaf chai chumbani. Nawaf alikuwa anatazama filamu ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, na mzinga wake umo. Watu watatu walikuwa wameuinamia. Wawili walitazama mbele, kule vifaru vinakotokea kwenye vumbi, kama watu wenye akili wangefanya. Wa tatu, mtu wa kutia risasi, alikuwa amevipa vita mgongo. Aliangalia huku, kwa mwenye kutazama, na mkono ameunyoosha, kiganja juu, mkono wa mtu anayengoja kupewa kitu. Truphena akafikiri, huyu mwigizaji amesahau kazi yake, na walimlipa bure.

Siku iliyofuata Nawaf alikuwa anacheza gemu, askari wa kuchorwa, rangi kali, milio ya kupasua masikio. Mzinga ni ule ule. Mtu wa kutia risasi alikuwa ameangalia huku, mkono nje. Siku nyingine tena ikawa ni picha tu, mchoro kwenye sanduku la mzinga mdogo wa plastiki wa kuunganisha kwa gundi, na hata hapo alikuwapo, sura ni ya mtu yule yule, midomo ina grisi. Truphena aliiweka trei chini, akalisogeza lile sanduku karibu na macho, kwa sababu mtu wa kwenye filamu na wa kwenye gemu aliwaona vizuri, wote wawili walikuwa wanatafuna.

"Nawaf," alisema polepole, "huyu ni nani?"

Kijana aliondoa vidude vya kusikilizia masikioni. "Na wewe unamwona?" Alinong'ona kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake, halafu uso ukabadilika, ukafunga. "Nani anaingia humu nikilala? Nani anagusa kompyuta yangu?"

"Si mimi."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Kufuli ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Na nyumba ikishaanza kubadilisha kufuli, ujue watu wameanza kuhesabiana nyendo. Nawaf alimshuku Truphena. Truphena bado alikuwa na kidonda chake na Jackton, akiona huenda huyu ndiye anayewachezea wote. Jackton akamshuku Nawaf, kwamba vijana wa matajiri hawakosi vituko. Na madam Ibtisam, aliyekuwa na macho ya kuona vumbi chini ya zulia, hakumwambia mtu anamshuku nani. Aliingia tu chumba cha Truphena wakati mwenyewe anapiga pasi, akapekua sanduku lake nguo kwa nguo, na alipotoka alikuwa ameshika kitambaa kidogo cheupe chenye fundo.

"Hizi ni nywele za nani?"

"Za mtoto wangu, madam. Valentine. Ni nywele zake za kwanza kunyolewa."

"Nywele," madam akarudia. "Kwenye kitambaa. Na fundo." Akakitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu.

Truphena alikaa kitandani. Kule Saudia neno sihiri, uchawi, si la mzaha. Mkataba wake ulikuwa umeisha, na baada ya Idi aliahidiwa hurooj, yaani ile ruhusa ya kafili, mwajiri aliyekudhamini, ya kutoka nchini moja kwa moja. Alimwacha Valentine akitambaa. Sasa yuko nasari na anasoma herufi kwa simu. Miaka yote hiyo alivumilia kwa ajili ya siku hiyo moja ya kushuka kwenye ndege na kumshika mtoto wake. Madam akipeleka kile kitambaa polisi, na kusema neno moja tu, ndege inageuka jela, au kitu kibaya kuliko jela.

Nawaf naye akaanza kuharibika. Mwanzo alikuwa anaenda uani saa sita ya jua, wakati hata paka wamejificha, anapiga magoti upande wa kulia wa mzinga, mahali pa mtu wa kutia risasi, na anaweza kukaa hapo hivyo mpaka adhana ya alasiri, midomo imepasuka, mkono umenyooshwa. Halafu akaacha kufuturu. Tende inawekwa mbele yake anaitazama tu. Halafu harufu ikaingia ndani ya nyumba, harufu ya baruti na ya nywele zilizoungua, ikashika mapazia, ikashika mpaka mkate. Na asubuhi moja alitoka chumbani damu ikimtiririka sikio la kulia, haumwi, hasikii akiitwa, na daktari akasema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka vile hupasuka za watu waliosimama karibu na mlipuko. Wakaulizana ni mlipuko gani, maana nyumba ile ilikuwa kimya kama kaburi.

Kwa hiyo lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, baba wa nyumba aliamua wahamie nyumba yao ya Jidda, wawe karibu na Makka, na mzinga ubaki Riyadh. Jackton aliendesha siku nzima. Nawaf alikaa nyuma katikati ya wazazi wake kama mgonjwa, na kilomita zilivyozidi Truphena akaanza kupumua. Alijiambia wamekiacha kile kitu Riyadh.

Hawakukiacha. Siku ya pili tu Jidda, Nawaf aliwasha runinga kubwa ya sebuleni, akatia gemu, na mtu wa kutia risasi akawa ameangalia huku, anatafuna, sasa amekuwa mkubwa kama mlango.

Madam alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe. Hakumtazama yule mtu. Alimtazama Truphena.

"Mzinga uko Riyadh," alisema taratibu. "Basi ni nani aliyekuja na kitu hiki huku?"

Lililomtisha Truphena ni kwamba lilikuwa swali zuri.

Kesho yake walitumwa sokoni, na Jackton akapitisha gari mtaa wa Ghulail. Alimjua mama mmoja kule, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja aliyekuja kuhiji zamani akaolewa akabaki, anayepika sambusa za kuuza na, kwa watu anaowaamini, anasoma dua na kuagua. Aliwaingiza chumba cha ndani, akafunga mlango, akamsikiliza Truphena mpaka mwisho bila kupepesa.

"Nani alompa chakula?" akauliza.

"Hakuna aliyempa. Nilisema karibu tu. Nilidhani ni huyu."

Jackton aliinamisha kichwa.

"Umesema karibu tu," Bi Zuwena akasema. "Mwanangu, huyo kakaa kwenye chuma kile jangwani toka vita. Watu wanampita, wanampiga picha, wanauchezea sinema mzinga wake dunia nzima, na kila panapoonyeshwa naye yupo, ila watu hawamwoni kwa sababu hana mwenyeji. Leo anaye."

"Ni askari aliyekufa?"

"Si mtu huyo, ni jini. Sura tu kaiazima kwa mtu. Sasa anangoja umpe tena, na usipompa, anakula alo karibu."

Truphena akamwona Nawaf akilini, midomo yake, mkono wake. "Nifanye nini, Bibi?"

"Alokaribisha ndiye wa kumwambia basi. Kwa lugha ile ile, uso kwa uso, wakati anapoonekana. Mwambie chakula kimekwisha, atoke kwenye nyumba ile. Mie siwezi kukufanyia, wala sheikh hawezi."

"Mbele ya madam? Nisimame niongee na runinga, kwa lugha asiyoijua? Si hicho ndicho anachongoja?"

"Najua. Na mie hapa wakinisikia, najua watanifanya nini."

"Na akitoka, ataenda wapi?"

Bi Zuwena alianza kuweka sawa mtandio wake, ambao ulikuwa umekaa sawa. "Wewe mtoe kwanza," akasema.

Garini Jackton hakumung'unya maneno. "Nyamaza, Mama Vale. Idi ni wiki ijayo. Funga mdomo, chukua hurooj yako, uende kwa mtoto. Yule kijana si wako."

"Naye ana mama anayemlilia."

"Mama yake ndiye ana nywele za Valentine kwenye mkoba."

Truphena alikubali. Nasema ukweli, alikubali, na angenyamaza mpaka Idi kama si alasiri ya siku ile, saa moja hivi kabla ya futari, alipopita sebuleni na bakuli la supu akamkuta Nawaf amepiga magoti mbele ya runinga na sikio la kushoto nalo limeanza kutoa damu, na kwenye kioo kile kikubwa mtu wa kutia risasi amenyoosha mkono karibu sana hivi kwamba vidole vyake vyeusi vilijaza nusu ya kioo, na Nawaf naye amenyoosha wa kwake, vidole vinatafutana, na kila taya la yule lilipotafuna taya la Nawaf lilitafuna pia, hana kitu mdomoni, anautafuna ulimi wake mwenyewe, damu inashuka kidevuni, na baba yake amemshika mabega anavuta kwa nguvu zake zote na hawezi kumsogeza hata kidogo, na madam yuko pembeni analia, ameinua simu, anarekodi, na simu haikuelekezwa kwa mwanawe bali mlangoni, kwa Truphena, tangu alipoingia.

Aliiona ile simu. Alielewa. Akaweka bakuli chini.

"Mgeni," alisema kwa Kiswahili, na sauti yake ilitoka ndogo, "ni mimi niliyekukaribisha. Nilikudhani mtu mwingine. Chakula kimekwisha. Sina kingine cha kukupa, na huyu si chakula. Inuka, utoke kwenye nyumba hii."

Aliona haya kusema hivyo. Katikati ya hofu yote ile aliona haya, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kumfukuza mtu penye sahani.

Yule mtu akaacha kutafuna. Akakunja vidole kimoja kimoja. Harufu ya baruti ikapanda mpaka macho yao yakachuruzika, mapazia yakavutwa ndani, yakaachwa, na walipofuta macho kwenye runinga palikuwa na askari wawili tu, wanatazama mbele, wanangoja vifaru vyao. Nawaf akaangukia mikononi mwa baba yake. "Mama," akasema, kisha akashtuka, maana alikuwa amejisikia.

Baba wa nyumba hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya kumaliza tende zake alifungua kompyuta, akaingia kwenye mtandao wa serikali, akatoa hurooj. "Kesho," alisema, na hakumtazama Truphena usoni. Madam alimletea pasipoti na kile kitambaa cheupe, amekishika kwa karatasi asikiguse. Hakusema asante, wala hakusema samahani. Truphena hakujali. Alilia usiku kucha kwa furaha.

Kesho yake mchana Jackton alimpakia sanduku. Truphena alikaa kiti cha nyuma, wanawake walivyokaa. Walipotoka tu getini kengele ya gari ikaanza kulia, ile ya kuambia abiria wa mbele afunge mkanda.

"Ni mkoba wako," Jackton alisema, akaurushia nyuma. Kengele ikaendelea. Akakipiga kiti ngumi. Ikaendelea. "Ni yule fundi wa Batha. Mjinga sana."

Simu ikaita. Ilikuwa mama yake Truphena, yuko ndani ya basi, wameshapita Nakuru kuja Nairobi kumpokea. "Ongea na mtu hapa," akasema, na Valentine akaja akasema amevaa viatu vipya, vya taa, na kwamba amekataa kulala ili asikose ndege. Truphena alicheka mpaka machozi. Alipokata, ikaita tena.

"Truphena." Alikuwa madam, ananong'ona. "Ile video. Jana nilikuwa nakutazama wewe tu. Leo nimeitazama mpaka mwisho."

"Ndiyo, madam."

"Ulipomaliza kusema, alitoka pale. Alipita kando ya mwanangu. Akasimama nyuma yako, na ulipookota bakuli ukaenda jikoni, akakufuata." Alikuwa analia sasa. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe, lakini usirudi hapa. Wallahi usirudi." Simu ikakatika.

Walifika mbele ya jengo la wasafiri. Truphena alishuka, akafunga mlango. Kengele ikanyamaza. Akafungua mlango tena, akaingia, akakaa. Kengele ikaanza.

"Unafanya nini?" Jackton aliuliza.

Akashuka. Kimya. Akaingia. Ikalia. Jackton alitazama kiti cha pembeni yake, kitupu, ngozi yake imebonyea katikati, na mikono ikamwanguka kutoka kwenye usukani.

"Shuka uende," akasema kwa shida. "Ndege haikungoji. Utaombewa nyumbani, kuna wachungaji."

"Nitalala na Valentine kitanda kimoja, Baba Ian. Mama hana kingine."

"Hurooj imetoka. Ikama yako ya kukaa nchini imekufa. Ukibaki wewe ni mtu wa kukimbia askari, unajua?"

"Najua."

Alichukua simu, akampigia mama yake. Alimwambia bosi ameomba amalizie kazi kidogo, wageuze basi, atawapigia. Mama yake akauliza kidogo ni mpaka lini. Nyuma yake mtoto alikuwa anauliza kama ndege imefika, anauliza tena na tena, na Truphena alisikiliza mpaka salio likaisha.

Alivuta mlango wa gari, akaufunga. Kengele ilikuwa inalia.

"Nipeleke Ghulail, kwa yule mama," akasema.

Jackton hakuondoa gari. Alikaza macho mbele. "Sitaweza kuendesha na hii kelele."

"Mfunge mkanda," Truphena akasema.

Jackton akanyoosha mkono bila kuangalia, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Ulikaza hewani, ukiwa bado mbali na kiti.